Makubadhi ya Baba na Makaburi ya Misri

Sijaisahau Alhamisi ile, mwanangu, kaka yangu Seif alipomliza mama kwa ajili ya Wamisri wa kale. Ilikuwa mwaka wa sabini, tumehamia Maskati kutoka Unguja, tumepanga vyumba viwili mtaa wa Matrah: mama, bibi mzaa baba, mie, na Seif aliyekuwa ndiyo kwanza karudi masomoni Misri. Baba tulikwisha mzika Unguja. Katika vitu vyake vyote mama alikuja na makubadhi tu, viatu vile vya ngozi vya wazi. Kila asubuhi akiyafuta vumbi na kuyapanga mlangoni pa chumba chake, na hakuna aliyemuuliza.

Baada ya chakula Seif akipenda kutuhadithia. Wamisri wale, akasema, walikula mkate na vitunguu, na mkate wenyewe una mchanga, hata meno yao yakalika. Wanaume kwa wanawake wakipaka wanja. Hapo mama alifurahi. "Kama watoto wetu," akasema. Kisha Seif akafika kwenye makaburi. Waliamini mtu akifa moyo wake unapimwa kwenye mizani, upande wa pili unyoya. Usipouzidi unyoya kwa uzito, anaendelea kuishi huko ahera, na atataka kula na kuvaa. Kwa hiyo wakimzika na mkate, nguo na viatu.

Akatupa jicho mlangoni. "Basi na wewe, mama, ni wa kwao. Hayo makubadhi unamwekea nani? Hii itikadi ya kina Firauni, wallahi."

Alidhani anatania na kufundisha kwa pamoja. Vijana waliotoka masomoni ndivyo walivyo. Mama aliinuka, akayachukua makubadhi, akenda nayo jikoni. Nilipomfuata nilimkuta amekaa mbele ya moto, kubadhi moja mkononi, machozi yanamtoka. Nikamwita bibi.

Bibi alimtoa mama lile kubadhi mkononi taratibu, akarudi nalo kwa Seif.

"Hao watu wako," akamuuliza, "viatu kaburini akivitia nani?"

"Mkewe, bibi. Au wanawe."

"Basi umesoma walivyoamini, hukusoma walivyolia. Mie ndiye nlomzaa babako, na nlimwacha aende na sanda yake tu, kama dini ilivyotuamrisha. Mamako vivyo hivyo. Hakumzika nayo, anayafuta vumbi. Hilo nalo kufru?"

Seif akenda jikoni, akakaa chini mbele ya mama. Aliyomwambia sikuyasikia. Asubuhi yake, Ijumaa, mama aliyapaka makubadhi mafuta akampa. "Nenda nayo msikitini," akamwambia, "umuombee mwenyewe, babako." Yalimbana. Alirudi anachechemea, na mama akacheka, mara ya kwanza tangu tufike Maskati.

Nakueleza wewe kwa sababu nakuona unasoma sana, na mie nafurahi. Soma ya Wamisri na ya kila umma. Nao walikuwa watu, wakipika, wakizaa, wakifiwa. Lakini ukimwona mkubwa wako anafanya jambo usilolielewa, muulize kwanza limetoka wapi, usikimbilie kulipa jina. Na aliyefiwa mrekebishe kwa upole, kama kuna cha kurekebisha.

Mungu akupe elimu yenye huruma ndani yake, akuhifadhi popote uendapo. Na siku yangu ikifika, kanga zangu msizifungie sandukuni. Jifungeni, mniombee.