Kabla ya Kuwapo Mahali

Mwaka jana binti wa kaka yangu alirudi kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kumwomba mama yake radhi. Alikuwa amepata nafasi ya doutoramento, yaani masomo ya udaktari wa falsafa, ng'ambo, katika fizikia, na bila radhi ya mama asingepanda ndege. Wifi yangu alikataa. Akanijia mimi, kwa kuwa ndimi niliyewasomesha Kurani mama na mwana.

"Mwulize mwenyewe anachosoma," alisema, huku akikuna nazi uani kwangu. "Ati zamani mahali hapakuwapo! Kufuru imeingia kwenye ukoo wenu, wifi, nawe umekaa unatafuna tambuu."

Nikamwita binti, nikamwambia anieleze polepole.

"Shangazi, twaandika hesabu za chembe ndogo mno, zisizokaa popote. Kila moja ina nyuso kadhaa, na uso hushikana na uso wa mwenzake. Zikiwa ovyo, hakuna karibu wala mbali. Twauliza kama zaweza kubadilika zote kwa pamoja, kama maji yanavyoganda barafu kwenye friza za wauza samaki, na hapo mahali pakapatikana."

"Mmethibitisha?"

"Bado. Hesabu yaonyesha badiliko laweza kutokea. Lakini twaifanya kwa wastani, kana kwamba kila chembe yawaona wenzake wote kama mmoja. Kama kitokacho ndiyo dunia hii tunayoikanyaga, hatujui."

Nilimshukuru Mungu kumsikia msomi akisema hajui. Nikamgeukia mama yake.

"Wifi, nisomee sifa ishirini za Mungu."

"Mbele ya mtoto?"

"Soma. Utotoni hukuwa na aibu hiyo."

Akasoma kwa kununa: wujudu, kidamu, bakaa. Alipofika kiyamuhu binafsihi nikamsimamisha.

"Maana yake?"

"Mungu amejitosheleza. Hahitaji mahali."

"Basi mahali ni nini?"

Mkono wake ukatulia juu ya mbuzi. "Ni kiumbe."

"Na kiumbe chaweza kuulizwa kilivyoumbwa. Kufuru iko wapi?"

Akaanza tena kukuna. "Haya, si kufuru. Lakini ni mbali, wifi."

Kumbe hilo ndilo lililomkaa moyoni tangu mwanzo. Binti akapiga magoti kando yake. Mama hakumtazama. Alimaliza kukuna kile kifuu, akanawa, kisha akaweka kiganja utosini mwa mwanawe.

"Nenda, radhi zangu unazo. Na ukikuta huko hakuna mahali, rudi. Kwangu mahali papo."

Binti alicheka huku machozi yakimtoka. Mimi nikaitikia amina upesi, wifi asije akageuza maneno.