Mkono wa Baba Kwenye Picha

Kazi yangu ni kufuta watu. Mteja huleta picha ya harusi na kunionyesha shemeji ambaye hatakiwi tena, nami nampitishia kidole kwenye simu, apu inajaza pengo kwa nyasi au ukuta, na shemeji anakuwa hakualikwa. Kisha napanga picha kwenye ukurasa mmoja, ndogo pembeni, kubwa katikati. Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza hiyo ndani ya saiba, duka la kompyuta na uchapishaji, mjini Eldoret, na sasa siamini picha yoyote. Nikiona picha nzuri, natafuta ilipokatwa.

Baba alipofariki, nilikabidhiwa programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba na picha za marehemu, bila mjadala. Kila mtu akanitumia picha alizokuwa nazo. Kaka yangu mkubwa, anayefanya biashara Timboroa na ambaye nyumbani tulimwona kwa nadra, alituma moja tu. Yeye na Baba wamesimama kwenye shamba letu la Moi's Bridge, mahindi yamewapita kimo, na mkono wa Baba uko begani mwake.

Nilishtuka. Picha hiyo nilikuwa nayo kwenye simu yangu, kofia ileile, gambuti zilezile, wingu lilelile. Ila kwangu Baba alikuwa peke yake.

Nilijua anachotaka. Baba hajazikwa, naye tayari amejipachika katikati ya mahindi. Akishaonekana humo mbele ya kanisa zima, nani atathubutu kumuuliza habari za shamba? Niliikuza picha yake mpaka ikawa viraka. Kivuli nikakiona kirefu mno. Sikio moja nikaliona limekatwa vibaya. Nilikuwa na hasira, na kusema kweli nilikuwa na furaha kidogo pia, maana amejaribu kunichezea kwa kazi yangu mwenyewe.

Jioni hiyo kamati ya mazishi ilikuwa sebuleni, wajomba wote wapo, chai imemiminwa. Niliweka simu mbili mezani, yangu na ya Kaka.

"Hii umeedit," nikamwambia Kaka. "Yangu ndio original."

"Sijaedit kitu. Hiyo siku nilikuwa hapo na Baba."

"Basi mbona kwangu hauonekani?"

Aliichukua simu yangu akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akairudisha mezani polepole. "Sijui," akasema. "Weka yenye unataka."

"Si uweke tu hiyo yake," Mama akasema. "Hata kama ameedit."

Nilikataa. Nilisema programu ya Baba haitabeba uongo, na mjomba mmoja akatikisa kichwa kukubaliana nami. Tukaendelea na mambo ya hema na viti.

Siku ya mazishi ndipo nilipoiona picha yangu ikiwa kubwa. Kwenye simu ilikuwa kama kiberiti. Kwenye karatasi ilijaza ukurasa wa kati. Mkono wa Baba ulikuwa umeinuliwa kando, vidole vimekunjwa, umeegemea hewa. Chini yake kulikuwa na jani la hindi lililovunjika, na pembeni jani hilohilo, na pembeni yake tena jani hilohilo. Apu ndiyo hujaza pengo namna hiyo mtu akifanya kazi kwa haraka.

Nikakumbuka. Mwaka uliotangulia nilimtengenezea Baba kalenda, na picha nilizitoa kwenye simu yake mwenyewe. Nilitaka kila mwezi awe peke yake. Siku hiyo nilifuta majirani, mbwa, ng'ombe wawili na Kaka. Sikuhifadhi picha za kwanza, na sikumkumbuka tena, kama nisivyowakumbuka wale mashemeji.

Pasta alikuwa bado anahubiri. Nilitamani kuzikusanya programu zote kutoka mikononi mwa watu. Kaka alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu, ameifungua yake ukurasa huohuo, kidole gumba amekiweka kando ya Baba, chini ya ule mkono.

Nilihama nikaketi karibu naye. "Ni mimi nilikutoa," nikanong'ona.

"Najua. Niliona mkono siku ile, kwa sebule."

"Na mbona hukusema?"

"Mbele ya wajomba?" akasema. "Wangekucheka, na Baba bado hatujamzika."