Stata Mpya ya Mzee Funguo

Gari la Mzee Funguo lilikuwa na maradhi ya uzee kama mwenyewe. Rejeta ilivuja, kwa hiyo dumu la maji halikukosekana kwenye buti. Dirisha la dereva lilishikiliwa na kijiti. Mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu, na tangu mkewe afariki hakukuwa na wa kufunguliwa. Lakini injini, jamani, injini ilikuwa nzima! Mafuta iliyanusa tu, na haikuwahi kumlaza njiani. Kilichokufa ni stata.

Basi kila asubuhi ilikuwa kazi ya kusukuma. Zamani mkewe alishika usukani naye akasukuma, mama wa watu akicheka mpaka machozi. Siku hizi Mzee alikaa yeye kwenye usukani, akapaza sauti: "Jamani, nisukumeni!" Bonge, dereva wa lori, alitoka mswaki mdomoni. Mama Pacha wa nyumba ya pili alitoka na mikono yenye povu. Walisukuma huku wakimtania kwamba gari lenyewe limedeka kuliko watoto wao. Mzee alitia gia ya pili, akaachia klachi, likakohoa, likawaka.

"Siku njema, Mzee!"

Mazungumzo yake ya siku nzima yaliishia hapo. Kibandani alikochonga funguo, wateja walimpa ufunguo, wakainamia simu zao, wakapokea na kwenda zao. Jioni alifungua nyumba isiyokuwa na mtu wa kumwambia pole na kazi.

Bintiye alipokuja kumtembelea, akayaona hayo ya asubuhi, aliona haya.

"Baba, mpaka lini utasukumwa? Watu wana shughuli zao."

"Wala hawalalamiki, mwanangu."

"Wataanzaje kukwambia?"

Neno hilo lilimchoma. Siku hiyohiyo binti alileta fundi, stata mpya ikafungwa. Fundi alimwonyesha waya mmoja mwembamba wa stata. "Huu ukichomoka, Mzee, kwa ufunguo haliwaki ng'o. Urudishe tu." Binti akaondoka roho yake imetulia.

Kesho yake Mzee alizungusha ufunguo, gari likawaka papo hapo. Alisubiri kidogo. Redio ya Bonge ilisikika, vyombo vya Mama Pacha viligongana, lakini hakuna aliyetoka. Ikawa hivyo kila siku. Aliendesha peke yake akijiuliza kama binti alisema kweli, kama watu wale walikuwa wamechoka naye siku zote na sasa wameshusha pumzi. Upweke alishauzoea. Wazo hilo ndilo lililomshinda.

Asubuhi moja gari liliwaka vizuri, naye akalizima. Akashuka, akafungua boneti, akachomoa ule waya. Alirudi kwenye usukani akitazama huku na huku kama mwizi.

"Jamani, nisukumeni!" Sauti ilitoka nusu.

Kisha mlango wa Bonge ukafunguka.

"Mzee, si nimelisikia likiwaka sasa hivi?"

Mzee aliinamia usukani, aibu imemjaa uso mzima. Bonge alimtazama, akakitazama na kiti kitupu cha pembeni yake, akatema povu la mswaki.

"Mama Pacha!" aliita. "Njoo bwana, gari la Mzee limegoma tena!"

Akaweka mikono yake juu ya buti. "Haya, Mzee. Tia gia."