Ufunguo wa Kufuli Jekundu

Usiku ule mama mshonaji hakulala, alijilaza tu. Simu aliiweka kifuani, na kila ilipokaa kimya sana aliibonyeza kuona kama bado ina uhai. Kitindamimba wake, fundi wa viyoyozi, alikuwa amekwenda kukesha juu ya paa la hospitali, akiuchunga mtambo wa kupoza wodi ya wagonjwa waliopasuliwa. Walikuwa wameagana hivi: umeme ukikatika, atapiga simu. Usipokatika, hatapiga. Sasa ni mama gani atapata usingizi akingoja simu ambayo haitakiwi kulia?

Jioni binti alikuwa amekuja mbio kuoga na kubadilisha nguo. Alikula amesimama, mama akimzunguka na maswali.

"Kama mmeshamaliza kuukagua, kwa nini msiuwashe, kila mtu akalale kwake?"

"Mama, ule mtambo umekaa bohari siku nyingi. Gesi imeingia kwenye mafuta ya kompresa. Ukiiwasha hivyo hivyo ikiwa baridi, mafuta yanatoa povu, inajivunja yenyewe. Ina kipasha joto kidogo pale tumboni. Lazima kipate umeme usiku kucha, ndipo tuwashe. Umeme ukikatika, tunaanza upya."

"Kwa hiyo unakwenda kulinda joto la mashine ya baridi."

"Ndiyo hivyo."

"Haya, dunia," alisema mama, na kumwongezea chai kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa.

Baba mtu alicheka kwenye kiti chake karibu na cherehani. Naye alikuwa fundi wa kazi hiyohiyo, mpaka siku ambayo mtu aliyekuwa chini aliwasha swichi bila kujua kwamba juu mwenzake ameingiza mkono kwenye feni. Mkono wa kulia ulibaki na vidole vitatu. Tangu siku hiyo mama aliichukia sauti ya feni, hata ile ndogo ya mezani, na binti aliposema anataka kusomea viyoyozi, mama alisusa chakula. Baba yeye alitoka kimyakimya, akarudi na kufuli jekundu.

"Kabla hujaingiza mkono, hili linafunga swichi," alimwambia binti. "Ufunguo ni mmoja, na unakaa kwako."

Kazini kwao nako ulikuwa ndio utaratibu: kufuli hufunguliwa na aliyelifunga, hata mkubwa wa kazi haligusi. Usiku ule kufuli jekundu lilikuwa limefunga kisanduku cha swichi ya kuwashia, asije mwenye haraka akauamsha mtambo kabla haujapata joto. Na mwenye haraka alikuwepo. Msimamizi wao, ambaye mafundi walimwita Bwana Upesi akishageuka mgongo, alikuwa amesema wazi: asubuhi mtambo usipowaka, mitambo iliyobaki ataiongoza fundi mwingine, na binti atarudi kubeba ngazi za wenzake.

Kulipoanza kupambazuka simu ilikuwa haijalia. Mama akaamua kufua. Ndivyo alivyo, wasiwasi wake siku zote huishia kwenye beseni. Alitumbukiza ovaroli ya jana ya binti, akasikia kitu kinagonga plastiki. Akapapasa mifuko, mkono ukatoka na ufunguo mdogo, umefungwa uzi mwekundu ambao yeye mwenyewe aliukata kwenye kibiringo chake.

Simu ikalia. Namba ngeni. Akaipokea kwa kipaza sauti, mikono ikiwa na povu.

"Mama, ni mimi, yangu imeisha chaji, natumia ya nesi. Umeme haujakatika! Lakini Mama, hebu angalia kwenye ovaroli yangu. Ufunguo wa kufuli sinao."

Mama aliutazama ufunguo kiganjani, povu likitiririka juu yake.

"Ngoja nitafute," alisema.

"Tafuta haraka, Mama. Bwana Upesi ametuma waletewe mkasi wa kukatia vyuma."

Simu ikakatika. Mama akakaa kwenye kigoda, ngumi imefumbwa. Kitu chenyewe hiki hapa. Bila hiki hakuna kuwasha, na bila kuwasha hakuna feni ya kumla mtu mkono. Angeweza kukirudisha chini ya maji, aseme hakukiona. Nani angemuuliza?

"Umeupata," ilisema sauti mlangoni. Baba mtu hakuwa anauliza.

"Nimeupata. Na wamtafute fundi mwingine. Acha abebe ngazi. Ngazi haili vidole."

Baba alijiegemeza kwenye fremu ya mlango. "Usipoupeleka watalikata."

"Walikate! Kufuli si mtoto wangu."

"Sikiliza, mama watoto. Likikatwa leo mbele ya watu wote, wameshajua kwamba linakatika. Kesho mwanao atalifunga kwenye swichi ya mtambo mwingine, mikono yake iko ndani. Atatokea mwenye haraka aseme, ah, hili si lile la yule binti? Tulishalikata juzi, leteni mkasi."

Hakumaliza. Mama alikuwa ameshasimama. Alitoka na mikono ina povu, kandambili moja ya bluu na moja ya mumewe.

"Unaenda na kiatu changu!" baba alimpigia kelele.

"Bakia na changu!"

Hospitalini alipitia wodi yenyewe, maana ngazi ya paa ilikuwa mwisho wa ukumbi. Joto lilimpokea mlangoni. Mlango wa wodi ulikuwa umezuiwa usijifunge kwa kiti cha magurudumu kilichovunjika gurudumu moja, na kando ya vitanda ndugu wa wagonjwa walipepea kwa vipande vya maboksi. Bibi mmoja mwenye bandeji tumboni alimtazama miguuni.

"Mwenzangu, umetoroka wapi?"

"Nyumbani kwangu, bibi."

Juu ya paa alikuta mkasi umeshafika, mikono yake mirefu kama ya koleo la mhunzi. Bwana Upesi alikuwa ameushika. Binti amesimama mbele ya kisanduku, hasogei.

"Ufunguo huu hapa," mama alisema akihema. "Huo mkasi rudisha ulikoutoa, baba."

Fundi mwenzao akamgeukia binti, ambaye kwa utani wa kazini ndiye Bibi Subira, akacheka. "Bibi Subira, mwenye ufunguo kaja na kandambili za harusi!"

Hata Bwana Upesi tabasamu lilimponyoka. Aliuweka mkasi chini.

Binti hakukimbilia swichi. Kwanza alizunguka mtambo mzima, akatazama kama kuna bisibisi au kitambaa kilichosahauliwa ndani, akavuta kila mfuniko kuona umekazwa. Akaweka kiganja kwenye tumbo la kompresa. "Njoo ushike, Mama." Mama alishika. Lilikuwa na joto la mtoto aliyetoka usingizini.

"Sogeeni nyuma wote."

Alifungua kufuli, akaiwasha feni peke yake kwa kitambo kifupi, akaizima palepale.

"Inazunguka kinyume," alisema. "Waya mbili za umeme zimepishana. Nitazibadilisha."

Kumbe ndiyo saa yenyewe hii. Binti alikwenda kwenye swichi kuu, akaizima, akaifunga kwa kufuli jekundu na kulivuta kwa nguvu. Akaleta kipimo, akahakikisha hakuna umeme uliobaki kwenye waya. Mama akanyoosha mkono.

"Nipe nikushikie ufunguo."

"Hapana, Mama. Unakaa kwa mwenye mikono." Akautia mfuko wa kifuani, akafunga kifungo.

Basi mama akafanya lililo ndani ya uwezo wake. Alikwenda akasimama kando ya ile swichi, mgongo ukutani, kandambili ya bluu mbele, akawatazama wanaume wote mmoja mmoja. Bwana Upesi alikohoa, akasogea mbali zaidi, mikono nyuma. Binti aliingiza mikono kwenye nyaya, akafanya kazi yake bila papara, akaitoa mikono. Mama akavihesabu vidole kwa macho. Vyote.

Binti akafungua kufuli, akawasha tena, na safari hii feni ilizunguka inavyotakiwa. Kisha kompresa ikaitika, mngurumo mzito wa sauti moja, bila kugonga. Binti alisoma geji, akapima umeme unaoingia, akangoja, akapima tena. Bwana Upesi alitazama saa yake, halafu akaifunika kwa mkono wa shati.

"Ukishamaliza hapa," alimwambia, "kesho anza na ule wa maabara. Chagua mwenyewe wa kukubebea ngazi."

Mama na binti walishuka. Binti akaingia wodini na kipimajoto chake kupima hewa inayotoka juu ya vitanda. Mama alibaki ukumbini, akaona maboksi yanateremka mapajani moja baada ya jingine. Nesi akakivuta kile kiti kibovu, na mlango ukajifunga taratibu.

Kijana aliyeleta mkate wa mgonjwa wake aliusukuma mlango, akausahau wazi.

"Funga mlango!" wodi nzima ilipaza sauti, na ya yule bibi mwenye bandeji ilikuwa kubwa kuliko zote.

Mlango ukafungwa. Mama alimwona binti yake kupitia kidirisha cha kioo, ameinua mikono juu kwenye tundu la hewa. Alikuwa na swali au mawili ya kumuuliza, kama amekula, kama atarudi mapema. Aligusa kitasa, kilikuwa kimeanza kupata ubaridi. Akakiachia, akaenda kumrudishia mumewe kiatu chake.