Tonge Zima la Sumbala

Rimma, mke wa shemeji yangu Zumana, aliletwa Segu kutoka Urusi mwaka ule mwanangu wa kwanza alipokuwa anaota meno. Mwanangu huyo sasa ananyoa ndevu. Muda wote huo Rimma hakuwahi kupewa zamu ya jikoni, na hilo ndilo lililokuwa likimla moyo.

Kwenye ua wetu wa akina Coulibaly, wake wa nyumba hupokezana mwiko, na anayegawa zamu ni Mama Sitan, mama mkwe wetu. Mwenye zamu hulisha ua mzima. Rimma alijipikia kwenye jiko dogo mlangoni kwake, kama mpangaji. Kila alipoomba zamu, mama mkwe alimjibu kwa upole uliouma kuliko matusi: "Pumzika, mwanangu. Mgeni hapiki."

Nilikuwa nakasirika kwa ajili yake, na kwa ajili ya mgongo wangu pia, maana tulikuwa tunapika wawili tu.

Ukiniuliza mimi, ugomvi wenyewe ulikuwa wa pua. Rimma alikuwa na mtungi wa kabichi aliyoitia chumvi ikachacha, na kwa joto letu ilitoa povu upesi sana. Mama mkwe akipita hapo anajiziba kwa kitambaa. "Majani yaliyooza," anasema. Rimma naye, tukianza kupika na sumbala, yale matonge meusi ya mbegu za mti wa mnere zilizovundikwa, kiungo cha michuzi yetu, anafunga dirisha. Kila mmoja alipenda uvundo wake, na hakuna aliyetaka kunusa wa mwenzake.

Basi siku ya zamu yangu malaria ikanilaza. Mwenzetu mwingine alikuwa msibani kwao, na Mama Sitan alikuwa ametoka tangu asubuhi kwenda kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina. Nikamwita Rimma.

"Dada, mwiko huo hapo. Mimi sina nguvu hata za kuusogeza."

"Mama amekubali?"

"Mama hayupo. Pika unachojua, ila kisikose sumbala. Kikikosa, jina langu usilitaje."

"Iko wapi?"

"Tonge liko kikapuni," nikasema, nikajifunika shuka.

Tonge lile hukaa wiki nzima. Tunamega kidogo, tunatwanga, tunatia. Nani humweleza mtu mzima jambo kama hilo? Kumbe kwao wakichemsha supu ya nyama hutumbukiza kitunguu kizima, kikishatoa ladha wanakiopoa na kukitupa. Rimma akaona sumbala nayo ni hivyo hivyo. Akaitumbukiza nzima kwenye supu yake ya kabichi chachu.

Baadaye akaja kitandani kwangu, upawa mkononi.

"Asetu, halipo."

"Nini?"

"Tonge. Nimelitafuta sufuria nzima."

Nilicheka mpaka kichwa kikagonga. Yeye hakucheka. Akakaa sakafuni. "Leo ndiyo ilikuwa nafasi yangu," akasema. "Sitapata nyingine." Kicheko kikaniishia, nikamwonea huruma sana.

Muda wa kupika kingine haukuwepo. Jirani yetu Mzee Traoré, mtani wa ukoo wetu ambaye saa ya chakula haimpiti, alikuwa ameshaingia uani.

"Enyi wala maharage," akaita, "nani amekufa humu?"

"Kaa chini, Traoré," Rimma akamrudishia utani. "Watumwa wetu hula mabaki, na mabwana bado hawajala."

Mzee akacheka, akaketi. Mara Mama Sitan naye akarudi, akanawa, akakaa kwenye bakuli la wanawake. Nilijikokota nikakaa karibu yake. Alichota wali na mchuzi, akatafuna. Nami nikaonja. Uchachu wa kabichi ulikuwa umeukamata ukali wa sumbala, ukatoka mchuzi mzito wenye ladha ya nyama kuliko nyama yenyewe. Mama mkwe akachota tena. Alikula mpaka akakwangua upande wake wa bakuli.

"Nani amepika?"

"Mimi, Mama," Rimma akasema.

"Umetia sumbala kiasi gani?"

"Tonge zima."

"Tonge zima." Akafuta mkono polepole. "Wewe mwanamke una akili timamu? Chakula cha wiki, sufuria moja? Mnere umeota humu uani? Zumana ndiye anayekupandia kuchuma? Na wali umeuacha ukaungua chini, nimetafuna mkaa. Mke wa nyumba hii, na kutwanga hujui."

Sisi hutusema hivyo kila siku ya Mungu. Rimma alikuwa hajawahi kusemwa hata neno. Aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea mapajani. Nilitaka kumtetea, ndipo nikaona anatabasamu.

"Unalia nini?" mama mkwe akamuuliza. "Kesho utatwanga mbele yangu, nione. Na kuanzia sasa zamu yako inafuata ya Asetu."

"Ndiyo, Mama," akasema Rimma, akainuka kuosha vyombo vya ua mzima.