Risasi Ambayo Haikulia

Jumanne, Machi 1995. Asubuhi ukungu mzito, na leo nusura ninyang'anywe bunduki.

Mnajua ni mimi pekee polisi wa akiba kijijini kwetu, hapa Ndanai. Nikishindwa shabaha, bunduki inarudi stesheni, na wezi wa ng'ombe watapata habari kabla ya jua kutua.

Kwenye jaribio la shabaha leo, nilikosa ubao kila mara.

"Hii bunduki ya 303 ilipigana vita vya kina babu," nikamwambia sajini aliyekuwa akitupima. "Mtutu umepinda."

Akaichukua, akanipa mgongo, akaweka risasi, akanirudishia.

Nikavuta.

Tek! Haikulia. Lakini mdomo wa bunduki uliruka ukainama chini, watu wote wakiona.

Kumbe ameweka ganda tupu!

"Bunduki imelala, mama. Sasa nani amepiga teke?" sajini akauliza.

Wanaume waliokuja kupimwa nami wakacheka, ati nirudi jikoni.

"Kidole chako kinachuma chai," sajini akasema. "Unanyakua. Kamua taratibu, kama ng'ombe mwenye mateke."

Akaweka ya mwisho, tena kwa kificho. Risasi ama ganda? Sikujua. Nikakamua, nikakamua...

Ikalia. Katikati ya ubao! Sajini akaniachia bunduki.

Nyinyi mngecheka ama mngelia?

Saa nne usiku, naenda kulala. Ng'ombe wote wako ndani.