Virungu Vilivyovaa Sweta

Chini kabisa ya hoteli moja, kwenye chumba cha kufulia, kulikuwa na mpiga pasi ambaye watu walimwita Mvuke. Jina lilimkaa. Alishinda kutwa akinyoosha mashuka, na hata siku ya mapumziko nguo zake zilinukia pasi. Alikuwa mpole, mchache wa maneno, asiyependa kutazamwa. Ndiyo maana watu wa nyumbani kwake walishangaa aliposema amejiunga na bendi ya mtaa, wakashangaa zaidi waliposikia anapiga toazi.

Si yale matoazi mawili ya kugonganisha mikononi. Hili lilikuwa moja tu, pana, la shaba, limening'inizwa juu ya stendi, na mpigaji hutumia virungu viwili kwa kupokezana. Sehemu kubwa ya wimbo Mvuke alisimama tu. Ikifika zamu yake, alitakiwa kuiamsha shaba polepole, ianze kama pumzi ya mtu aliyelala, ipande, ipande, mpaka iwanyanyue wapiga tarumbeta na kuwatupa juu. Kazi ya muda mfupi, lakini ikiharibika imeharibika mbele ya watu wote.

Tatizo lilikuwa virungu. Bendi ilikuwa na vijiti vitupu vya ngoma, na kila alipoanza taratibu, kilitangulia kusikika kijiti, ndipo shaba. Mke wake alikuwa fundi wa sweta za wanafunzi. Mashine yake ya kufumia ilikaa sebuleni. Siku moja akamwambia, "Baba watoto, si uvivike nguo hivyo vichwa? Unagonga mno."

Basi wakaingia kazini. Mke akakata vipande vya mpira, akavichomeka kwenye ncha za vijiti, akavizungushia nyuzi zilizobaki kwenye mashine, akamaliza kwa sindano. Mvuke alileta toazi nyumbani, akalifunga jikoni kwenye mguu wa meza iliyopinduliwa, akapiga. Mke alisikiliza kutoka mlangoni, mkono kiunoni.

"Umekaza sana," Mvuke alisema. "Linalia kama sahani."

Mke akafumua, akazungusha upya kwa kulegeza.

"Sasa linachelewa kuamka."

"Toazi lako lina maringo kuliko wateja wangu," mke alisema, na akafumua tena.

Walihangaika hivyo jioni nyingi, mpaka sauti ikaanza bila mtu kujua imeanza lini. Mvuke naye akajifunza mwendo wake. Virungu alivishika kwa vidole vilivyolegea, akapiga karibu na ukingo, kimoja kulia na kingine kushoto, ili toazi lisiyumbe. Sauti ikipaswa kupanda hakukimbiza mikono. Aliongeza uzito kidogo kidogo, maana ukiharakisha shaba inakosa nafasi ya kutetemeka, inakabwa.

Kasoro ilikuwa moja tu. Nyuzi zilikuwa za kijani na njano iliyofifia, masalio ya sweta za shule fulani. Wenzake kwenye bendi walicheka. "Mvuke, virungu vyako vinasikia baridi?" Alicheka nao, lakini tangu hapo akawa anavibeba ndani ya mfuko wa plastiki.

Kisha ikaja habari kwamba okestra ya chuo cha muziki kutoka mji mkuu itapiga pamoja na bendi yao, siku mbili mfululizo, kwenye ukumbi wa shule. Mchana wa siku ya kwanza walifanya mazoezi. Upande wa ngoma alikuja kijana mtanashati mwenye begi la ngozi. Alipolifungua, virungu vilikuwa vimepangwa humo kama visu vya daktari: vyeupe, vyeusi, vinene, vyembamba. Mvuke aliangalia kiti chake, ambapo mfuko ulikuwa umefunguka na vichwa viwili vya kijani vimechungulia nje.

Mgeni akakiokota kimoja, akakibonyeza, akatabasamu. "Hivi ni vya nani?"

Mgeni hakuwa na ubaya wowote. Lakini wapiga tarumbeta walikuwa wamegeuka, na Mvuke akahisi masikio yanawaka moto.

"Sijui," akasema. "Labda kuna mtoto amevisahau."

Alipogeuka, mke wake alikuwa amesimama nyuma yake na shati lililopigwa pasi, ambalo Mvuke alikuwa amelisahau nyumbani. Alikuwa karibu mno kiasi kwamba asingeweza kusema hakusikia. Alilitundika shati kwenye mgongo wa kiti, akauchukua ule mfuko pamoja na virungu vyake, akasalimia watu vizuri, akatoka.

Mvuke alikosa pa kuuweka uso. Kumkimbilia ilikuwa kujianika. Kubaki ilikuwa kukubali. Akabaki. Mgeni, kwa wema wake, akamwazima virungu vyeupe, vigumu, vya ngoma kubwa.

Alasiri ukumbi ulijaa. Zamu yake ilipofika, kila mtu akanyamaza, naye kwenye pigo la kwanza tu akajua. Ta, ta, ta: mvua juu ya bati. Kilichosikika ni vichwa, si shaba. Badala ya kutuliza mikono akaikimbiza, na kwa hofu ikasogea yote upande mmoja. Toazi likainama, likagonga stendi, likapiga kelele kabla ya wakati. Tarumbeta zilipoingia, yeye alikuwa ameshamaliza kila kitu. Nyuma mtu alicheka. Kiongozi wa bendi hakumtazama tena mpaka mwisho, na hilo lilimuuma kuliko kufokewa.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akizunguka njia ndefu. Mke alikuwa kwenye mashine.

"Chakula kipo," alisema.

"Nimeharibu, mama watoto. Toazi limenishinda."

"Pole." Mashine iliendelea kwenda. "Na yule mtoto aliyesahau vitu vyake, mmempata?"

Mvuke alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikaa kwenye kigoda, akaangalia viatu vyake.

"Nilikukana," akasema. "Niliona haya kwa ajili ya rangi ya uzi. Sina la kujitetea."

Mashine ikasimama. "Ungesema havifai, ningekuelewa. Ningefumua, si ndiyo kazi yetu siku zote? Lakini ulisema huvijui." Akaivuta droo, akavitoa virungu, akaviweka mezani. "Chukua kesho. Mimi siji. Nina sweta za watu."

Kesho yake Mvuke aliwahi ukumbini. Hakusubiri wenzake waondoke. Aliona akisubiri atajipa sababu ya kunyamaza. Akamwendea mgeni akiwa katikati ya watu.

"Jana nilidanganya. Hivi ni vyangu. Amevitengeneza mke wangu."

"Nilijua," mgeni alisema taratibu. "Kwa jinsi ulivyovitazama." Hakucheka, na Mvuke akaona heri angecheka.

Siku hiyo toazi lilipanda kama inavyotakiwa, pumzi kwanza, kisha ukumbi mzima ukijaa, na tarumbeta zikaruka juu yake. Kiongozi wa bendi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mvuke aliangalia viti, ingawa alijua mke hayupo. Sauti waliyoitafuta pamoja jikoni ilipita juu ya vichwa vya watu, ikaisha, bila mke mwenyewe kuisikia.

Nyumbani alimweleza. "Vizuri," mke alisema, akamuuliza kama amenunua sabuni.

Tangu siku hiyo Mvuke akawa na ugonjwa mwingine. Mtu yeyote akigusa virungu, hata kabla hajauliza, yeye huropoka: "Kazi ya mke wangu hiyo, ni fundi." Akamwambia mlinzi wa hoteli, akamwambia muuza maziwa. Siku moja walikuwa sokoni na mke wake, akaanza kumsimulia mwanamke aliyekuwa akipima vitunguu, mtu ambaye hata hajui toazi ni nini. Mke akamshika kiwiko, akamsogeza kando.

"Inatosha sasa, baba watoto. Sikutaka unitangaze. Nilitaka usinikane tu."

Mvuke akainamisha kichwa. Akapokea kikapu kutoka mkononi mwa mke wake, wakaendelea kununua vitu vya nyumbani, yeye akimfuata nyuma kidogo.